Chura kwenye Nyumba ya Koulsoum

Mahali ilipopaswa kuwapo nyumba ya mama yake Hayrat, Nourdine alikuwa amechora chura.

Chura wa kijani, mnene, ameketi juu ya jani katikati ya bwawa dogo, na ukimgusa kwa kishale anafumba jicho moja. Nourdine alikuwa amemtengeneza kwa siku nne, na alijivunia jicho lile kuliko kazi yote aliyoifanya mwaka mzima. Hayrat aliinamia skrini. Akahesabu tena kuanzia msikitini: duka la mkaa, bomba la maji, mwembe, kisha chura. Akahesabu kutokea upande wa pili, kwa fundi baiskeli, akafika kwa chura yule yule.

"Hii ni nini?"

"Bwawa," Nourdine akajibu. "Kila palipo patupu naweka bwawa. Mchezaji akilichimba anapata pointi za kukinga maji ya mvua. Umeliona jicho lake?"

"Nourdine, mama yangu yumo humo! Sasa hivi ninavyosema na wewe, yumo humo anapika vitumbua!"

Waligombana kwa Kimalagasi chao cha pwani, na matusi wakayachukua kwenye Kifaransa kama kawaida yao. Ilikuwa mwaka 2014, nao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Mahajanga, mji wa pwani ya Madagaska. Yeye Hayrat alikuwa mtu wa programu na hesabu, Nourdine mtu wa picha. Pamoja na mwalimu wao Soulé walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta waliouita Tanànantsika, yaani mji wetu. Mchezaji anakuwa meya. Kila baada ya dakika kumi mvua kubwa inashuka. Asipochimba mifereji, asipopanda miti, akijenga juu ya njia ya maji, mtaa wa bondeni unazama mbele ya macho yake na watoto wanakwenda shule wamebeba viatu kichwani. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo Hayrat aliipigania tangu siku ya kwanza: huwezi kumhamisha mtu kabla hujampa pa kuishi. Ukijaribu, mchezo unakukatalia katakata.

Ulikuwa mchezo mzuri, na ungepelekwa shule zote za mji. Lakini haukuwa mchezo tu. Mtaa wa bondeni waliouchora ni mtaa wa kweli, upande wa chini wa Mahabibo, na mfereji wa kweli ulikuwa uchimbwe humo. Ofisi moja ya mipango iliwapa ramani, nao kwa kulipa wema huo wakapita nyumba kwa nyumba kuandika orodha ya wenye nyumba. Orodha hiyo ndiyo iliyolisha mchezo, na hiyo hiyo ndiyo ambayo ofisi ingeitumia kupitisha mfereji na kugawa viwanja vipya. Aliyekuwemo kwenye orodha angepata kiwanja. Asiyekuwemo alikuwa chura.

"Mimi nachora ninachoambiwa na orodha," Nourdine alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na orodha uliiandika wewe."

Hayrat akaifungua orodha. Akatafuta Koulsoum, jina la mama yake, hakulikuta, wala hakushangaa, maana orodha nzima haikuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Akatafuta jina la baba yake, Mchangama. Likatokea mara moja tu, kwenye nyumba ya barabara kubwa, ambayo ni ya Hachimia, mke mkubwa wa baba yake. Hapo ndipo alipoelewa.

Alikuwa amepita mtaani mwezi wa Julai na karatasi zake, akiuliza swali kama lilivyotoka ofisini: mwenye nyumba ni nani? Sasa katika watu wao, watu wa asili ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, binti huolewa ndani yake, na mume huja na begi lake akaingia. Kila mtu analijua hilo, hata kuku. Lakini ni jambo la kujulikana, si la kusemwa. Mwanamke akisema mbele ya mgeni mwenye karatasi kwamba nyumba ni yake, amemvua mumewe nguo barabarani. Kwa hiyo kila mlango aliobisha Hayrat, mwanamke alijifunga leso vizuri, akamtazama mumewe kwenye baraza, akajibu kwa adabu: "Ya Houmadi." "Ya Oumouri." Na mlangoni kwao wenyewe mama yake alimjibu bila kupepesa macho: "Ya baba yako." Yeye, mtoto wa nyumba ile, anayejua kila tofali lilikotoka, akaandika.

Hilo peke yake lingekuwa kosa la adabu. Kosa la pili lilikuwa la ujuzi, na ndilo lililomfanya atake kujizaba kibao. Alipoiingiza orodha kwenye kompyuta aliongeza mstari mmoja wa programu, mstari mfupi, safi, ambao hata Mwalimu Soulé aliusifia: jina likitokea mara mbili, bakiza la kwanza, futa linalofuata. Katika mtaa ambao mwanamume mwenye wake wawili ana nyumba mbili za kuingia, na zote zimeandikwa kwa jina lake! Hayrat akauondoa mstari ule, akaiacha orodha ijae upya. Nyumba mia mbili na kumi na mbili. Thelathini na saba alikuwa amezifuta kwa mkono wake, zote za wake wadogo, na ya mama yake ilikuwa ya kumi na tisa.

Mwalimu Soulé alimsikiliza akiwa amesimama, akitazama saa.

"Orodha imeshapokelewa ofisini," alisema. "Jumamosi tunaondoka kwenda kisiwani Nosy Be kuwaonyesha wafadhili mchezo, hatuendi kuwaonyesha matatizo yetu. Thelathini na saba katika mia mbili? Kwa kazi ya wanafunzi ni nzuri sana."

"Mwalimu, ni watu wanaoishi humo."

"Ndiyo. Ni nzuri sana," akarudia, kama hakusikia, akatoka.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni uani, mbele ya chuma chenye mashimo cha kupikia vitumbua, akivigeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Baba yake alikuwa barazani na redio. Ilikuwa zamu ya Koulsoum, siku nne kwake, siku nne kwa Hachimia, na begi la kahawia lenye kufuli bovu lilikuwa mahali pake nyuma ya mlango. Hayrat aliongea kwa Kikomoro cha nyumbani, haraka haraka, bila kuficha lolote, maana alijua akipumua atashindwa.

Koulsoum hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwaka sabini na sita, mwezi wa Desemba, nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Waliotaka sisi Wakomoro tutoke mji huu walikuja na mafuta ya taa. Nyumba ya mama yangu iliungua, na baba yangu hakutoka. Sisi tukapakiwa melini kwenda Moroni, mama ameshika ufunguo wa mlango ambao haupo. Niliporudi hapa sikuwa na baba wa kunijengea. Nilijijengea mwenyewe, kwa hivi." Akaonyesha vitumbua kwa kijiti. "Wale walituchukia, Hayrat, kwa hiyo nilielewa walichonifanyia. Wewe umenifuta kwa nini?"

"Kwa makosa, mama."

"Kwa makosa," Koulsoum akasema, akageuza kitumbua kilichokuwa kimeshaungua.

Baba yake alikuwa amesikia. Akachungulia uani, uso umemchangamka. "Mbona jambo dogo? Waandike Mchangama mara mbili! Mchangama nyumba ya kwanza, Mchangama nyumba ya pili. Nitatia saini hata leo."

Hayrat akamgeukia. "Baba, nyumba hii umeijenga wewe?"

Mchangama alimtazama binti yake kama aliyemwagiwa maji machafu mbele ya wageni, kisha akarudi barazani. Na Koulsoum, aliyefutwa, mwenye nyumba yake isiyo na jina, ndiye aliyemkemea: "Usimvunjie baba yako heshima!"

Hayrat alimkasirikia baba yake kwa furaha yake ya bure. Akamkasirikia mama yake zaidi, kwa ile leso iliyofungwa vizuri, kwa "ya baba yako", kwa miaka yote ya kulinda heshima ya mtu aliyeingia na begi na redio. Lakini hasira kubwa kuliko zote haikuwa na pa kwenda, kwa sababu aliyefuta alikuwa yeye.

Kutoka Mahajanga hadi Nosy Be walichukua siku mbili za barabara mbovu, kisha boti kutoka bandari ya Ankify. Walilala Ambanoro kwa wazazi wa Nourdine, na asubuhi wakapelekwa Andilana, kwenye ukumbi wa hoteli wenye kuta za kioo. Nje wazungu walipita na mataulo mabegani. Ndani kulikuwa na wafadhili, maji ya chupa, na afisa wa ile ofisi ya mipango, mtu mpole mwenye sauti laini, ambaye Soulé alimkalisha mbele ili awe meya wa kwanza kucheza.

Afisa alicheza vizuri. Alipanda miti kando ya barabara, akahamisha dampo, akaweka vyoo sokoni. Mawingu yalipoanza kujikusanya kwenye skrini akavuta mfereji kutoka juu, moja kwa moja, kupitia madimbwi yote ya kijani. Chura akafumba jicho. Ukumbi ukacheka. Pointi zikapanda, na muziki wa ushindi ambao Hayrat mwenyewe aliuchagua ukalia.

Hayrat akasimama.

"Bwana Afisa, umechimba jikoni kwa mama yangu."

Kicheko kikakatika. Soulé alimvuta mkono wa gauni, naye akaunyakua. Akaeleza yote kwa Kifaransa chake cha darasani: swali, adabu, wake wawili, mstari wa programu. Akataja idadi. Akasema kila bwawa walilolicheka lina mlango, na mlangoni pana mtu.

"Kosa dogo la kompyuta," afisa akasema kwa upole.

"Si la kompyuta. Ni langu mimi."

"Vyema sana, ukweli ni jambo zuri. Basi tunalirekebisha hapa hapa. Nyumba thelathini na saba zinarudi kwa majina yaliyotajwa. Baba yako anaitwa nani? Mchangama? Mchangama, nyumba mbili, viwanja viwili. Umeridhika?"

Wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli! Soulé alipiga kuliko wote, uso umemrudia rangi. Kwenye skrini Nourdine alikuwa ameshaibandika nyumba juu ya chura, na kishale kilipoigusa, jina likajitokeza: Mchangama 2. Mwanamke aliyebeba matofali kwa miaka kumi na moja alikuwa amerudishiwa nyumba yake kwa jina la mtu anayelala humo siku nne kisha akaenda zake. Na viwanja vikigawanywa, kiwanja kingekuwa cha mtu huyo, akiuze akitaka, ampeleke mke wa tatu akitaka.

"Siyo yake!" Hayrat alipiga kelele, sauti ikampasuka. "Nyumba si yake!"

"Nani alisema siyo yake?"

"Kila mtu anajua."

Afisa akatabasamu. "Karatasi haijui, binti yangu. Nitakuja Mahajanga mwenyewe Jumatano ijayo kuhakiki. Mwenye nyumba anijibu kwa mdomo wake, mbele ya majirani. Atakayejitaja, ndiye."

Jumatano ilifika na jua kali. Afisa alikuja na jalada na wasaidizi wawili, na nusu ya mtaa nyuma yao. Ilikuwa zamu ya Koulsoum tena. Mchangama alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya sherehe. Aliyeipiga pasi kanzu ile ni Koulsoum, asubuhi, na Hayrat alimwona akiipiga, akatoka nje asije akasema maneno ya kujutia. Tangu ile siku ya jikoni mama yake hakuwa amemwambia zaidi ya "kula" na "funga mlango". Hata alipomsimulia mambo ya Andilana, Koulsoum alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kusaga mchele.

Afisa akasimama mbele ya baraza, akafungua jalada.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Koulsoum alikuwa amesimama mlangoni na leso yake imefungwa vizuri. Akamtazama mumewe, kama alivyofanya mwezi wa Julai, na safari hii akangoja. Hayrat alielewa kwamba mama yake anampa nafasi. Alimpa nafasi ndefu, mpaka majirani wakaanza kugeuza miguu.

Mchangama akakohoa. "Mimi," alisema.

"Samahani kidogo, bwana," Koulsoum akamwambia afisa. Akaingia ndani.

Alitoka na begi la kahawia. Akalishusha barazani, akaliweka wima katikati ya njia, mbele ya viatu vya afisa. Akarudi, akatoka na ndara za mumewe, akaziweka juu ya begi. Akarudi tena, akatoka na redio ikiwa bado inaimba, akaizima, akaiweka juu ya ndara. Kisha akaketi kizingitini, akanyoosha miguu yake yote miwili akaufunga mlango kwayo.

"Sasa muulize tena," alisema.

Hakuna aliyecheka. Bweni Kouraichia, bibi wa nyumba ya jirani, ambaye naye ni mke mdogo wa mtu, aligeuka bila kuaga akaingia kwake, na baada ya punde kikasikika kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Mumewe Houmadi aliacha kikombe chake cha kahawa kwa muuzaji akaondoka mbio, kofia mkononi.

Mchangama alilitazama begi. Akawatazama majirani, akamtazama binti yake, jasho likimtiririka ndani ya kanzu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa limemtia Hayrat wazimu siku zote hizi. Hakuwahi kupiga mtu, hakuwahi kumwacha mwenzake alale njaa. Alikuwa tu amezoea kutajwa.

"Ya Koulsoum," akanong'ona.

"Sikusikia," afisa akasema, na kweli hakusikia.

"Ya Koulsoum! Nyumba ni ya Koulsoum binti Mroivili. Mimi naingia tu!"

Akainama kuchukua begi lake. Koulsoum hakuondoa miguu.

"Bado. Aandike kwanza."

Afisa akaandika. Hayrat alisogea mpaka begani kwake, bila adabu yoyote, akasoma herufi moja moja. Alipofika kwenye ile r ya Mroivili, alishangaa, maana haikuwamo. Afisa alikuwa ameiruka, ameandika Moivili.

"Kuna herufi umeisahau," akamwambia. Afisa akamtazama, akafuta, akaandika upya.

Hata hivyo miguu ya Koulsoum haikuondoka, na begi halikuingia. Mchangama alilibeba hadi barabara kubwa kwa mke mkubwa, watoto wakimfuata, na huko akamkuta Hachimia naye ameketi kizingitini, miguu imevuka mlango, anaonja mchuzi kwenye kiganja kama hana habari. Hadi adhuhuri mabegi ishirini na mawili yalikuwa nje. Milango kumi na mitano ilichungulia ikafungwa, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakajibu kwa adabu kama walivyojibu Julai. Hayrat aliipita mmoja baada ya mwingine akibisha, akasihi, akagombana, akafukuzwa. Mmoja alimwambia kupitia dirishani: "Wewe si ndiye uliyetufuta? Unataka nini tena?"

Aliporudi nyumbani, mama yake alimsogezea sahani ya vitumbua bila kumtazama.

"Kumi na tano," Hayrat alisema.

"Nimesikia. Kesho utarudi kwao," Koulsoum akasema. "Na keshokutwa. Kula."

Siku iliyofuata chuoni, Nourdine alimfuta chura, akasikitika kidogo kwa ajili ya lile jicho. Akachora mlango wa buluu, baraza, na mwanamke mwenye leso. Hayrat alikuwa pembeni akiandika upya kanuni za mchezo, kwa vidole vilivyogonga vitufe kama vinavidai.

"Nimeandika Koulsoum binti Mroivili," Nourdine alisema. "Na begi nilichore?"

"Lichore. Nje."

"Na mchezaji akilirudisha ndani, apate pointi ngapi?"

"Mchezaji halirudishi," Hayrat akajibu. "Analirudisha mwenye nyumba."